Eldamo, kamusi ya Kielvi: niliitumia usiku mzima kwa neno moja

Neno lenyewe ni di'nguruthos. Kama umesoma The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien juzuu ya pili, ile iliyotoka 1954, basi ulishalipita. Ni pale Sam yuko chini mbele ya Shelob, lile libuibui, bwana wake Frodo kalala hajitikisi, mkono wa Sam unapapasa kifuani unaikuta ile chupa yenye mwanga waliyopewa na Galadriel, halafu ulimi unafunguka anatamka lugha ambayo mwenyewe haijui, Kielvi, yaani lugha ya Waelvi ambayo Tolkien aliibuni. Anamwita Elbereth, malkia wa nyota anayeheshimiwa na Waelvi, anasema le nallon sí di'nguruthos, na mwandishi hatafsiri hata kidogo, unaachwa na sauti tu.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ndo alikuwa anasoma, akaja na kitabu kakishikilia kidole kwenye ukurasa, "Dada, hapa Sam kasema nini?" Mimi nafundisha Kiswahili, nimezoea kuulizwa maneno, na nikiulizwa neno siwezi kulala hadi nilijue. Basi hii rivyu ni ya Eldamo, kamusi ya mtandaoni ya lugha za Tolkien, ya bure, imetengenezwa na Paul Strack, na naiandika kwa sababu nimeona watu wengi wanaopenda hivi vitabu hawaijui au wameifungua mara moja wakaogopa wakaifunga.

Kwanza niseme nilikopita kabla. Kuna mtu anatangaza kutafsiri Kielvi kwa malipo, simtaji, nilimtumia ule mstari na elfu 20 yake. Baada ya siku mbili akajibu kwamba di'nguruthos ni "kwa nuru takatifu". Nikamuuliza umeipata wapi, ipi ni nuru na ipi ni takatifu, kimya. Sa hizo sikuwa na cha kumpinga nacho, ila haikunikaa, maana Sam pale hayuko kwenye hali ya kusifu nuru, yuko kwenye hali ya mtu anayekufa. Na kilichoniuma zaidi ya hela ni lile jibu lisilo na mizizi, yaani mtu anakupa maana bila kukuonyesha alikolitoa neno, sasa utamwamini kwa lipi.

Eldamo ni kinyume chake kabisa. Kila neno ukilifungua unakuta limeandikwa lilikotoka, kitabu gani ukurasa gani, na kama Tolkien aliliandika akalikata unaambiwa lilikatwa, na kama halikuandikwa na Tolkien bali limebuniwa na wapenzi wa lugha ili watu waweze kuandikiana, linawekewa alama ya mshangao mbele yake ujue kabisa hili ni la wapenzi. Hiyo alama peke yake kwangu inatosha kuipa nyota zote. Pia inagawa lugha kwa vipindi, kwa sababu Tolkien alizitengeneza hizi lugha toka ujana wake hadi anafariki 1973 na alikuwa anabadilisha badilisha, Kikwenya, moja ya lugha za Waelvi, cha mwanzo sio cha mwisho, na lugha ambayo miaka ya 1930 aliiita Kinoldorin ndo baadaye ikaja kuwa Kisindarin, hiyo ndo lugha ya sentensi ya Sam. Kwa hiyo unaweza kukuta neno lilelile mara mbili, moja la Kinoldorin moja la Kisindarin, mwanzoni nilidhani saiti ina kasoro, kumbe wanakuonyesha umri wa neno.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kuna sehemu ya misemo mizima ambayo imechambuliwa kipande kwa kipande, na nilijua huenda sentensi ya Sam imo, lakini nilikubaliana na mdogo wangu tusiifungue kwanza, tutafute wenyewe halafu ndo tusahihishe.

Maneno ya mbele hayakusumbua. Nallon ni nalia, ile n ya mwisho ndo "ni" yetu, sisi tunaiweka mbele wao wanaiweka nyuma. Le ni kwako, tena ni "wewe" ya heshima, ya kumwambia mkubwa. Sí ni sasa. Imebaki di'nguruthos. Di tukaipata, ni chini ya. Tukatafuta nguruthos tukijua ni neno linaloanza na ng, hatukufika popote.

Hapo ndo Kiswahili kilinisaidia, na nataka niseme hili kwa urefu kidogo kwa sababu naamini mtu anayeongea Kiswahili ana mtaji mkubwa kwenye hizi lugha kuliko anavyojidhania. Kila mwaka nakuwa na mwanafunzi anaitafuta "ndimi" kwenye kamusi anakwenda kwenye herufi N, anazunguka weee haioni, hadi umwambie mwanangu, rudi kwenye ulimi. Neno letu linabadilika kichwani. Ulimi ndimi, ubavu mbavu, uso nyuso, na ukuta je? Kuta, haina n wala ny. Sisi hatuhitaji kuambiwa hayo tumezaliwa nayo, lakini mtu ambaye lugha yake inabadilisha neno mkiani tu anateseka sana. Na Kisindarin ni hivyohivyo, kichwa cha neno kinageuka kutokana na neno lililotangulia, Tolkien aliichukua tabia hiyo kwa Kiwelisi, ambako bustani ni gardd lakini ukisema ile bustani inakuwa yr ardd, g imekwenda.

Kwa hiyo nikamwambia mdogo wangu, ondoa di, halafu jiulize hii ng kabla haijaguswa ilikuwa nini. Tukajaribu g. Tukaandika guru, herufi nne tu, orodha ikabaki fupi na pale pale tukaiona: guruth, mauti. Ilikuwa saa nne usiku, nakumbuka mdogo wangu alinyamaza halafu akasema "kumbe nuru takatifu ilikuwa mauti".

Lakini sikutaka kuridhika haraka, maana g kugeuka ng ni dai langu tu, nilihitaji ushahidi wa neno lingine linalofanya vilevile. Na hii ndo sehemu ambayo Eldamo imenifurahisha kuliko zote. Kwenye kila neno kuna viungo vya kwenda kwenye mzizi wake na kwa ndugu zake, unabofya unapanda juu kwa babu, unashuka kwa binamu. Mzizi wa guruth ni ÑGUR, umeanza na ng tangu zamani. Binamu yake wa Kikwenya ni nuru. Ndio, nuru! Kwetu ni mwanga, kwa Waelvi ni mauti, nikaelewa kwa nini inabidi uwe makini usibebe masikio yako ya Kiswahili hadi kwenye lugha ya watu. (Sijui kama yule mtafsiri alipitia njia hiyo, ila ningependa kujua.)

Basi nikasema kama ng ya zamani kwenye Kikwenya inabaki n na kwenye Kisindarin inabaki g, lazima kuwe na jozi nyingine. Zipo. Mbwamwitu-mtu, kwa Kikwenya nauro, kwa Kisindarin gaur, mzizi ÑGAW ambao maana yake ni kubweka kwa kulia kama mbwamwitu. Wale Waelvi wasomi, kwa Kikwenya Noldo, kwa Kisindarin golodh, mzizi ÑGOL wa hekima. Nuru guruth, nauro gaur, Noldo golodh. Ni kama unavyopanga njia kwa Kiswahili, njĩra kwa Kikikuyu, nzĩa kwa Kikamba, unaona kabisa hawa mama yao mmoja.

Na ushahidi wa mwisho uko kwenye kitabu hichohicho juzuu ya kwanza, Gandalf yule mchawi anapowasha moto kuwafukuza mbwamwitu anasema naur dan i ngaurhoth. I ngaurhoth! Ni gaur na hoth, yaani kundi, na mbele yake kuna i, "lile", na ile g imerudi kuwa ng. Wakati kwenye The Silmarillion, kitabu kingine cha Tolkien, kisiwa kinaitwa Tol-in-Gaurhoth, huko imeandikwa kwa g. Neno moja, vichwa viwili, na vyote vimechapishwa. Nikaona sasa nina haki ya kusema di ikikaa mbele ya guruth, ng ya babu inatoka tena.

Ikabaki os. Guruth ni mauti, nguruthos ina os mkiani, hii nayo nini? Hapa tulikaa kama saa nzima. Mwanzo nilidhani ni kiishio tu kisicho na uzito wake. Tukafungua kipengele kinachoonyesha maneno ambamo kipande fulani kinapatikana, tukakuta jina Tauros, jina la kupanga la Oromë yule mwindaji, maana yake Hofu ya Msituni. Taur ni msitu, kwa hiyo os ni hofu. Mzizi wake ni GOS, na Ossë yule bwana wa bahari zenye dhoruba jina lake limetoka humo.

Umeona lakini? Gos, ina g, kwenye Tauros g imekufa, kwenye guruthos g imekufa. Na g ya guruth haikufa, imegeuka ng. Kwenye neno moja kuna g mbili, kwa macho ni sawa, lakini moja ni g ya asili ambayo ikiguswa inapotea kama ile bustani ya Kiwelisi, na nyingine ni g ya kuvaa, ndani yake kuna ng, ikiguswa inajifunua. Ndo ukuta na uso hao, wote wana u mbele lakini mmoja kwenye wingi anakwambia kuta na mwingine anakwambia nyuso, na huwezi kujua hadi ujue alikotoka. Mimi nimefundisha hiyo ngeli miaka na miaka sijawahi kuiona ikifanya kazi kwenye neno la kubuni, la mtu mmoja, Profesa wa Oxford, halafu likatii sheria zake kiasi hiki. Niliinuka nikachemsha chai.

Kwa hiyo di-nguruth-os, chini ya hofu ya mauti. Ndipo tukaenda kusahihisha. Tolkien alieleza sentensi hii kwenye barua ya 1958 akijibu maswali ya msomaji, na akaieleza tena 1967 kwenye kitabu cha nyimbo alichofanya na mwanamuziki Donald Swann, na maelezo yote mawili yanaangukia kwenye kitu kilekile, mtu kafunikwa na kivuli cha hofu ya kufa na analia akiwa humo. Tulikuwa tumepata.

Niongeze kimoja kwa wale wanaopenda kutafsiri kwenda Kiswahili. Nilikuwa nimeandika "hofu ya kifo". Nikaja kukuta kwenye mzizi WAN kuna gwanath, nalo ni kufa, lakini Tolkien kaandika wazi kwamba hilo ni tendo la kufa, sio Mauti yenyewe kama hali, hiyo ni guru, umbo lingine la guruth yetu. Yaani wana maneno mawili kama sisi tulivyo na kifo na mauti. Mtu akisema kifo cha babu anazungumzia siku fulani, tukio, lakini hakuna anayesema bonde la uvuli wa kifo, Zaburi ya 23 inasema uvuli wa mauti na sikio linakubali. Nikafuta kifo nikaandika mauti. Na kuna neno lingine la Kikwenya la miaka ya 1930, nuruhuinë, kivuli cha mauti kabisa, kwa hiyo hilo wazo alikuwa nalo kabla ukurasa huu wa Sam haujaandikwa.

Sasa kasoro, maana zipo na zitamkatisha mtu tamaa. Yote ni Kiingereza, na sio Kiingereza chepesi, ni cha wanaisimu. Vifupisho ni vingi mno, unakutana na PE17, VT, Ety, siku ya kwanza nilikuwa nafungua ukurasa wa maelezo kila dakika. Nikusaidie: Ety ni orodha ya mizizi ambayo Tolkien aliiandika kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1930, mwanawe Christopher akaichapisha 1987 ndani ya The Lost Road, juzuu ya tano ya ule mfululizo mkubwa uitwao The History of Middle-earth. PE ni Parma Eldalamberon na VT ni Vinyar Tengwar, majarida yanayochapisha karatasi zake za lugha, na PE namba 17 iliyotoka 2007 ndo utakutana nayo mno kwa sababu humo Tolkien anaeleza maneno ya The Lord of the Rings mwenyewe. Ukishajua hayo matatu umemaliza nusu ya shida.

Kwenye simu sio raha. Majedwali ya mabadiliko ya sauti yanatoka nje ya kioo, inabidi ulaze simu. Ila ni maandishi zaidi, bando haliendi. Na data zake zote zimewekwa wazi GitHub, anayejua mambo ya programu anaweza kuzichukua akatengeneza kitu chake, hii nimeipenda sana kwa sababu kamusi ngapi zimekufa pamoja na saiti zake.

Watu wananiuliza, na Parf Edhellen, ile kamusi nyingine ya mtandaoni, je? Ni nzuri, na kwa anayeanza ni rahisi zaidi, unaandika neno linakuja la lugha zote pamoja, sura yake safi, na hata hivyo sehemu kubwa ya maneno yake imechukuliwa Eldamo. Jina lenyewe ni Kisindarin, kitabu cha Kielvi, na hiyo edhellen ndo ileile Gandalf anayoitamka mbele ya mlango wa Moria. Mimi naanzia huko nikiwa na haraka, nikitaka kujua ukoo wa neno nakwenda Eldamo.

Kama unachotaka ni jina la mtoto kwa Kielvi au maneno ya kuchonga kwenye pete ndani ya dakika tano, Eldamo haitakufaa, haikupi jibu moja, inakupa ushahidi halafu unaachiwa kazi. Na tafadhali angalia ile alama ya mshangao kabla hujachonga kitu. Hakuna ubaya kutumia neno la wapenzi, mimi mwenyewe yapo ninayoyapenda, ila ujue unachovaa.

Nyota 5 kwa uaminifu, 3 kwa wepesi wa kutumia. Kwa jumla naipa 5, kwa sababu wepesi ninaouona kwingine unapatikana kwa kuficha ushahidi.

Mdogo wangu kaandika pembeni mwa ukurasa kwa penseli: "nakulilia sasa, nimefunikwa na hofu ya mauti". Nilimwambia di ni chini ya, andika chini ya, akasema hapana dada, kwa Kiswahili mtu halii chini ya hofu, hofu ndo inamfunika, nikakubali, yuko sahihi. Juzi kaja tena na mstari unaofuata, ule wenye Fanuilos. Uilos nimeshaipata, ni weupe wa daima, na ndo jina la yale maua meupe yanayoota kwenye makaburi ya wafalme wa Rohan, pia liko kwenye Amon Uilos, mlima anakokaa huyohuyo Elbereth. Fan bado nainyatia, nimeona mzizi wake unahusu kufunika kwa kitu kama shela au wingu, kesho usiku tunaendelea.